Jinsi ya kutembelea Vardzia, monasteri iliyochongwa ndani ya mlima

Vardzia iko kusini mwa Georgia, nchi ya Kaukazi inayopakana na Uturuki, Armenia, Azerbaijan na Urusi, ambayo haina uhusiano wowote na jimbo la Marekani lenye jina hilohilo. Ni monasteri ya Kanisa la Kiorthodoksi iliyochongwa katika karne ya 12 ndani ya jabali la mlima Erusheti, juu ya mto Mtkvari, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari. Mapango yake yametandaa kwa takriban mita 500 ubavuni mwa mlima, na mahali pengine yamepandana zaidi ya ghorofa 10. Wageni wengi huipita mbio kwa saa moja, wakapiga picha, wakarudi garini wakiwa wameona matundu tu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuelewa jinsi watu walivyoishi humo, na kwa sababu hiyo unaanza na jambo ambalo ni heri alijue kabla hata ya kukata tiketi ya ndege.

Hatua ya kwanza: jua unachokwenda kukiona

Uchongaji ulianza wakati wa Mfalme Giorgi wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1156 hadi 1184, ukaendelezwa na binti yake Tamar, aliyemrithi na kutawala hadi 1213. Wageorgia hawamwiti malkia. Humwita Tamar Mepe, na mepe kwa lugha yao ni mfalme. Sehemu kubwa ya mapango ilichimbwa nyuma ya uso wa jabali, na wenyewe waliingia kwa njia za chini kwa chini, kwa kuwa monasteri hii ilikuwa pia ngome ya kujihifadhi katika mpaka uliovamiwa mara kwa mara.

Mwaka 1283 tetemeko la ardhi liliporomosha uso wa jabali pamoja na sehemu kubwa ya vyumba vilivyokuwa nyuma yake. Matundu mengi unayoyaona leo kutoka barabarani hayakuwa madirisha wala milango. Ni vyumba vya ndani vya jengo lililopoteza ukuta wake wa mbele, mithili ya nyumba ya ghorofa iliyobomolewa upande mmoja hadi jirani wakaona rangi ya chumba cha kulala. Ukilishika hilo, kila kitu huko juu kinasomeka: ngazi inayoishia hewani ilikuwa ikienda kwenye chumba kilichoanguka mtoni, na pango lililo wazi kama varanda lilikuwa chumba cha kati chenye giza.

Historia iliyobaki inatosha kwa maneno machache. Baada ya tetemeko, mtawala wa eneo hilo, Beka Jaqeli, aliikarabati na ndipo ulipojengwa mnara wa kengele; mwaka 1551 majeshi ya Shah Tahmasp wa Uajemi yaliivamia; baadaye eneo likaingia mikononi mwa Waosmani, yaani Waturuki, na watawa wakatawanyika. Mwaka 1938 ilitangazwa kuwa hifadhi ya makumbusho, na tangu miaka ya mwisho ya utawala wa Kisovieti watawa wachache wamerejea kuishi humo. Kuhusu jina, wenyeji husimulia kwamba Tamar akiwa mtoto alipotea mapangoni, na mjomba wake alipomtafuta akaitika “Ak var, dzia”, yaani “Niko hapa, mjomba”. Hiyo ni hadithi tu, lakini mwenye kuingia yale mahandaki hatashangaa kwamba imezuka.

Hatua ya pili: chagua msimu na siku

Mei, Juni, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Wakati wa baridi kali theluji huganda juu ya vipandio vya mawe, na baadhi ya njia hufungwa. Julai na Agosti jua hulipiga jabali bila huruma, na huko juu kivuli hakipatikani mpaka uingie pangoni. Tarehe 28 Agosti ni sikukuu ya kulala, yaani kufariki, kwa Bikira Maria, ambayo ndiyo sikukuu ya kanisa kuu la Vardzia lenyewe. Mwenye kupenda kuona ibada na mahujaji achague siku hiyo, na mwenye kupenda utulivu aikwepe.

Jambo moja zaidi kuhusu majira: epuka siku inayofuata mvua kubwa ikiwa una nafasi ya kuchagua. Mwamba wa Vardzia ni wa majivu ya volkano yaliyoshikamana, laini kiasi cha kuchongwa kwa patasi, na ulaini huohuo ndio unaoufanya unywe maji na kubanduka. Ndiyo maana kuna sehemu zilizozungushiwa kamba na mabango ya kukataza. Usivuke kamba hizo kwa ajili ya picha.

Hatua ya tatu: viza, bima na safari ya kufika Georgia

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe, safari hupitia Dubai, Doha au Istanbul hadi Tbilisi, mji mkuu. Raia wa nchi za Afrika Mashariki kwa kawaida huhitaji viza. Waswahili wanaoishi Oman, Imarati, Qatar na nchi nyingine za Ghuba, wakiwa na kibali halali cha ukaazi, wamekuwa wakiruhusiwa kuingia bila viza kwa muda usiozidi siku 90, na ndiyo maana Georgia imekuwa kimbilio la likizo kwa wengi walioko Muscat na Dubai. Masharti ya namna hii hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Georgia wiki chache kabla ya safari, badala ya kutegemea alichoambiwa binamu yako mwaka juzi. Tangu Januari 2026 mgeni hutakiwa pia awe na bima ya afya na ajali. Ibebe ikiwa imechapishwa kwenye karatasi.

Saa ya Georgia iko mbele ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na ni sawa na ya Oman. Sarafu yao ni lari. Badilisha fedha Tbilisi na ubaki na noti ndogondogo, kwa sababu huko kijijini chenji ni taabu.

Hatua ya nne: mavazi na vitu vya kubeba

Vardzia ni makumbusho, lakini ni monasteri pia, na kanisani sheria ni ya monasteri. Mwanamke hutakiwa kufunika kichwa na kuvaa sketi au gauni linalopita magoti. Mwanamume hutakiwa kuvaa suruali ndefu na kuvua kofia. Mahali pengi huwekwa vitambaa vya kuazima mlangoni, vilivyokwisha kupita vichwani na viunoni mwa watu wengi tangu asubuhi. Msomaji wa Kiswahili hana haja navyo: doti moja ya kanga inatosha kabisa. Kipande kimoja unakifunga kiunoni juu ya suruali unapofika mlangoni mwa kanisa, cha pili unajitanda kichwani, na ukitoka unavikunja na kuvirudisha mkobani, kwa sababu kupanda ngazi zile ukiwa umefunga kanga ni kutafuta kuteleza.

Viatu viwe raba zenye soli inayoshika. Kandambili na viatu vyenye soli laini viache hotelini, maana vipandio vimelainishwa na nyayo za miaka 800 na katikati vimebonyea kama vinu. Beba tochi, na ya kuvaa kichwani ni bora kuliko ya simu, kwa sababu ndani ya mahandaki utahitaji mikono yote miwili. Beba maji ya kutosha na koti jepesi hata wakati wa joto, kwani ndani ya mlima kuna ubaridi. Mkoba uwe mdogo wa mgongoni. Begi pana litakwama njiani au litamgonga mwenzako aliye nyuma.

Anayeogopa sana vimo, au asiyestahimili sehemu zenye giza na zinazobana, aambiwe ukweli mapema: kuna reli za chuma na taa katika sehemu kubwa ya njia, lakini kuna mahali ambapo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde. Mtu wa namna hiyo anaweza kufika kanisani na kurudi kwa njia aliyojia, bila kuingia handaki refu, na bado akawa ameona mengi. Mtoto mdogo ashikwe mkono wakati wote. Kigari cha mtoto hakiwezekani.

Hatua ya tano: kutoka Tbilisi hadi mtoni

Vardzia iko mwendo wa saa 4 hadi 5 kwa gari kutoka Tbilisi, na mji mkubwa wa karibu ni Akhaltsikhe, kilomita 60 hivi kutoka monasterini. Mwenye gari la kukodi anaweza kwenda na kurudi siku moja, ingawa atachoka bure. Njia bora ni kulala Akhaltsikhe usiku mmoja. Kituo cha Didube jijini Tbilisi kina mabasi madogo yaitwayo marshrutka, ambayo Mtanzania atayaona kuwa daladala na Mkenya kuwa matatu: nauli ni nafuu, mizigo hubanwa miguuni, na dereva akiona abiria wametosha huwasha gari. Marshrutka hufika Akhaltsikhe baada ya saa 3 na nusu hivi, ikipitia Borjomi, mji maarufu kwa maji yake ya madini.

Kutoka Akhaltsikhe kuna marshrutka chache tu kwa siku kwenda Vardzia, na hapa ndipo wageni wengi huumia. Chukua ya asubuhi, na kabla hujashuka muulize dereva gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Mwambie akuandikie kwenye karatasi, kwa sababu yeye anahesabu saa kwa mtindo wa kimataifa na wewe kichwani unahesabu kwa Kiswahili. Mimi niliambiwa tatu nikaitikia kwa kichwa, nikaipanga kichwani kama saa tatu ya usiku, kumbe gari lilikuwa la saa tisa alasiri. Nilirudi kwa teksi, na nauli yake ilinifundisha kuhesabu upya.

Kaa upande wa dirisha linaloangalia mto. Barabara hufuata korongo la Mtkvari, na mahali unapokutana na mto Paravani kuna ngome ya Khertvisi juu ya mwamba, ishara kwamba umebakiwa na safari fupi tu.

Hatua ya sita: anza kwa kutazama kutoka ng'ambo

Ukifika, usikimbilie kibanda cha tiketi. Simama upande wa pili wa mto kwa dakika kumi na utafute vitu vitatu kwa macho. Cha kwanza ni kanisa, karibu na katikati ya mapango, ambalo hutambulikana kwa baraza yake yenye matao. Cha pili ni mnara wa kengele, upande wa magharibi wa kanisa, nao una matao pia. Cha tatu ni mstari wa jabali unaoonyesha mahali lilipomeguka mwaka 1283: pale ambapo mapango yako wazi kabisa, yaliyokuwa mbele yake yalianguka. Ukiwa ndani hutaweza kuuona mpangilio huu tena, na asiyeushika mapema hupotea, si kwa miguu tu bali hata kwa maana ya anachokiona.

Kisha kata tiketi, nenda msalani huku chini, jaza chupa ya maji, na upande. Kuna njia ya miguu yenye mwinuko, na mara nyingi kuna gari dogo la kuwapandisha wageni kwa malipo kidogo. Mwenye magoti mabovu alitumie gari bila kuona haya; magoti hayo atayahitaji huko juu. Tenga saa 3 kwa matembezi yote.

Hatua ya saba: pita vyumbani polepole

Njia rasmi hubadilika kadiri sehemu zinavyofungwa kwa ukarabati, kwa hiyo fuata mishale iliyopo siku hiyo. Kwa ujumla mapango yamegawanyika pande mbili za kanisa. Upande wa magharibi, kati ya kanisa na mnara wa kengele, kuna ukumbi wa kulia chakula na mahali pa kuokea mikate. Upande wa mashariki kuna makazi mengi zaidi, chumba kinachoitwa cha Tamar, duka la dawa la monasteri na stoo za mvinyo.

Ingia katika pango la kawaida la kuishi na ukae kidogo humo, maana ni huko kunakosomeka maisha. Utaona benchi la mawe lililoachwa wakati wa kuchonga, likizunguka ukuta. Shimo la moto sakafuni. Mfereji mwembamba wa kuelekeza maji. Na vidaka vilivyokatwa ukutani kwa ajili ya taa na vyombo. Aliyewahi kuingia nyumba za kale za Lamu na kuutazama ukuta wa zidaka atakielewa chumba hiki haraka kuliko mgeni mwingine yeyote, ingawa kule vimejengwa kwa chokaa na hapa vimetolewa ndani ya mwamba. Katika duka la dawa vidaka vimepangwa safu juu ya safu, vidogo na vya mraba, kila kimoja kwa dawa yake.

Sakafuni mwa stoo za mvinyo kuna midomo ya mitungi ya udongo iliyozikwa mpaka shingoni, ambayo Wageorgia huiita kvevri na huitumia hadi leo. Zimehesabiwa stoo 25 na mitungi 185. Idadi hiyo haina maana kwamba watawa walikuwa walevi: mvinyo ulikuwa wa ibada, wa wageni na wa chakula cha kila siku, na mtungi uliozikwa ndani ya mwamba hukaa katika ubaridi uleule mwaka mzima. Angalia unapokanyaga, kwa kuwa baadhi ya midomo hiyo iko wazi.

Hatua ya nane: kanisani

Vaa kanga zako barazani. Sema “gamarjoba” kwa mlinzi au mtawa aliye mlangoni, nayo ni salamu, na uulize kama picha zinaruhusiwa. Ukikataliwa, weka simu mfukoni bila kubishana. Taa ya kamera usiiwashe kabisa.

Kanisa lote limechongwa ndani ya mwamba mmoja, na dari yake imepanda zaidi ya mita 9. Subiri macho yazoee giza, kisha ugeukie ukuta wa kaskazini. Hapo wamechorwa Giorgi wa Tatu na Tamar wakielekea kwa Bikira Maria na Mtoto, na Tamar ameshika mfano wa kanisa. Mtazame chini ya kidevu. Mwanamke aliyeolewa wakati huo alivaa utepe uliopita hapo, na Tamar hana. Halafu kuna maandishi: Tamar anaombewa maisha marefu, ilhali baba yake haombewi, maana yake alikuwa amekwisha kufa. Kwa alama hizo mbili wataalamu wameweza kusema kwamba mchoro ulifanywa baada ya Giorgi kufariki mwaka 1184 na kabla ya Tamar kuolewa, muda usiozidi miaka 2. Katika nchi yote ya Georgia nimeona picha nyingi zinazodaiwa kuwa za Tamar kwenye mabango ya hoteli na chupa za mvinyo, na hakuna inayozidi hii ya ukutani, ambayo aliyeichora aliishi zama zake. Ukuta huohuo una picha ya Rati Surameli, mtukufu aliyegharimia michoro hiyo.

Usiguse ukuta. Rangi hizi zilipakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, hazikunywewa na lipu ikiwa mbichi, na kwa hiyo jasho la kidole linatosha kuzibandua.

Hatua ya tisa: handaki na kushuka

Ndani ya kanisa kuna njia inayoingia mlimani. Mbele yake utafikia kisima cha maji yanayochuruzika kutoka kwenye mwamba, kinachoitwa Machozi ya Tamar. Kuanzia hapo mahandaki hupanda na kushuka kwa vipandio vya juu visivyolingana, na dari hushuka ghafla. Washa tochi, weka mkono mmoja ukutani, na shuka kinyumenyume pale panapokuwa na mwinuko mkali, kama mtu anayeshuka mnazi. Mrefu asitangulie kwa haraka, kwani mwamba ni laini kwa patasi, lakini si kwa paji la uso. Makundi mawili yakikutana, linalopanda hupishwa na linaloshuka, kwa sababu anayeshuka anaweza kukaa chini akasubiri.

Hatua ya kumi: baada ya kushuka

Karibu na mto kuna migahawa inayouza samaki wa mto, mikate ya jibini iitwayo khachapuri, na lobio, ambayo ni maharage yaliyochemshwa kwenye chungu cha udongo na mara nyingi huliwa na mkate wa mahindi. Asiyekula nyama ya kuchinjwa na wengine ataponea kwa lobio na hatajuta. Mwenye siku ya ziada alale katika nyumba za wageni zilizo bondeni, na asubuhi atembelee Vanis Kvabebi, mapango mengine yaliyo kwenye barabara hiyohiyo kabla ya kufika Vardzia, ambayo hayana wageni wengi lakini yana ngazi za mbao zinazohitaji mikono thabiti. Anayerudi siku hiyohiyo awe amesimama kituoni nusu saa kabla ya muda ulioandikwa kwenye ile karatasi ya dereva, kwa kuwa marshrutka ikijaa mapema huondoka mapema.